Damu ya Mzee Jilala

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya kufua.

Kwako Baba,

Mwadila, Baba. Mhola? Najua utajibu kwamba ni salama, "mhola duhu", hata kama nyumba imeezuliwa paa na ndama wamelala nje, kwa hiyo habari za afya yako sitakuuliza wewe. Nitamuuliza mdogo wangu Limi, ambaye ndiye anayekusomea. Limi, soma kwa sauti, polepole, na usiruke mstari hata ukiona aibu. Ukiruka nitajua, kwa sababu majibu yenu yatakuja yamepinda.

Mimi sijambo. Kifua hakina neno, tumbo limekubali unga wa dukani unaonuka gunia, na chumba ninachopanga hakivuji isipokuwa mvua ikinyesha. Mke wangu Kabula mwambieni nguo za mtoto nimenunua, za mtumba lakini zimechemshwa, nimezichemsha mwenyewe mara mbili. Kwa nini nimezichemsha mara mbili mtaelewa mkifika mwisho.

Siandiki kwa furaha, Baba. Naandika nimechukia. Nimekaa na hasira hii tangu Alhamisi, nikaona nikiandika siku ile ile nitakukosea adabu, nikangoja ipoe. Haijapoa. Imeganda tu.

Kazi yangu ni ile ile. Nasikia huko Sapiwi mnawaambia watu kwamba Masanja siku hizi ni daktari Dar es Salaam. Acheni hiyo habari, itakuja kuniletea wagonjwa. Mimi naosha chupa. Ushirika ulipolala chali, na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, ile ambayo gunia la pamba likipanda juu yake linakonda, sisi wapimaji tuliambiwa asante na tukaonyeshwa mlango. Ndipo nikaja huku. Kutoka kupima pamba hadi kuosha vichupa vya makohozi, sijui kama nimepanda au nimeshuka. Lakini makohozi yana uaminifu wake. Hakuna anayeyamwagia maji na mchanga ili yaongezeke uzito.

Samahani kwa kuandika hivyo kama mnasoma wakati wa kula. Kama mnakula, maliza kwanza, Limi, halafu rudi.

Asubuhi nakuta ndoo imejaa vichupa. Kuna ya kijani kama matope ya lambo, kuna ya kahawia, kuna yenye nyuzi kama yai bovu. Wengine wamejaza kupita mstari, kana kwamba atakayejaza zaidi atapewa zawadi. Wengine wamefunga kifuniko upande, na yaliyomo yametembea nje. Navaa glavu, nashika pumzi, natumbukiza kwenye dawa, nachemsha, nasugua kwa brashi. Mchana nakula. Mwanzoni sikuweza kula. Sasa naweza, na hilo nalo linanichukiza.

Nikirudi ninakopanga, mama mwenye nyumba anauza chapati. Anakohoa kwenye kiganja, anakitazama kiganja kama anasoma gazeti, halafu anaendelea kukanda unga. Siku moja nikamwambia, "Mama, hicho kikohozi chako mbona hakiishi?"

Akaniambia, "Vumbi hilo, baba. Wewe kula, zina mafuta."

Niliacha chapati. Nikawa nawasema watu wa huku moyoni, kwamba hawa hawana haya, kwamba kwetu Usukumani huwezi kuona uchafu wa namna hii. Nilijiona mimi mtu wa mahali safi. Basi, Baba, ngoja nikueleze kilichonifunga mdomo.

Unawakumbuka wale watu wa gari jeupe waliofika baada ya mavuno, wakapita kaya kwa kaya wakiandika majina na umri, halafu wakapanga siku ya kutoa damu kwa kila kitongoji. Damu ile ililetwa kwenye maabara hii hii ninamooshea chupa. Sikujua. Siku sanduku la barafu lilipofunguliwa nikaona limeandikwa Bariadi, na ndani yake mafungu, huku Nkoma, huku Sapiwi, nilisimama pale kama mtu aliyekutana na ng'ombe wake mwenyewe kwenye mnada wa mbali. Nikaanza kusoma majina kwa macho, bila kugusa. Nikaliona jina lako.

Nilifurahi, Baba. Mtu umekaa mbali miezi yote hii, halafu unakuta damu ya baba yako imesafiri imekufuata. Nikapangusa barafu kidogo kwenye kile kichupa, nikasema kimoyomoyo, "Mwadila, Baba."

Kumbe nilikuwa namwamkia Jilala.

Hilo nililijua barua ya Limi ilipofika. Limi aliandika kwa kucheka, kurasa nzima. Aliandika, "Kaka, ungekuwepo ungevunjika mbavu. Wazee walikaa wakasema, hawa watu wanapima vifua kwa kutumia damu, na mwenye damu mbaya hatujui watamfanya nini. Wakaamua wamtumie Mzee Jilala." Akaeleza jinsi Mzee Jilala alivyoshushwa kutoka kule anakochungia, upande wa Mwanhuzi, ambako mwezi mzima hasikii kikohozi cha mtu mwingine ila mbuzi. Jinsi alivyotoa damu Sapiwi kwa jina lake, kesho yake kitongoji cha pili akiwa amevaa koti lako na kofia yako, na kesho kutwa tena kwa koti la mwingine, na kuendelea hivyo. Na yule nesi alipomtazama akamuuliza, "Mzee, sisi hatujaonana kweli?" naye akajibu, "Wazee tunafanana, binti. Hata nyinyi kwa hizo nguo nyeupe mnafanana."

Nilicheka. Sisemi uongo, nilicheka nikiwa peke yangu chumbani mpaka mama chapati akagonga ukuta. Kwa sababu mimi na wewe tunajua akili ile imetoka wapi. Mabwana mifugo walipokuja kuchukua damu ya ng'ombe kwa ajili ya ule ugonjwa wa kutupa mimba, boma lililokutwa na damu mbaya lilifungiwa, hakuna kupeleka mnadani, hakuna kuchanganya malisho. Ndipo mkajifunza kuazimana ng'ombe safi. Yule ng'ombe mweusi wa Jilala alichomwa sindano kwenye maboma mengi hata ikafika wakati akimwona bwana mifugo anajipeleka mwenyewe na kunyoosha shingo. Bwana mifugo akaandika kwamba Sapiwi haina ugonjwa, na ng'ombe wa Sapiwi wakaendelea kutupa mimba wakiwa na cheti.

Sasa mmefanya vile vile kwa binadamu. Wala hamkwenda mbali kutafuta. Mlimwacha ng'ombe mkamchukua mwenye ng'ombe.

Mwishoni mwa barua Limi aliandika mambo mengine, kwa haraka, kama mtu anayefunga mzigo. Kwamba mtoto wetu ananyonya vizuri na umempa jina la Milembe, jina la mama yako. Kwamba unambeba kutwa nzima na kumwita "mayu" kana kwamba ni mama yako mwenyewe, na kila asubuhi unampulizia maji ya baraka kwa kinywa. Kwamba una kikohozi kinachokukamata na kukukunja mpaka unatapika, kikipita unakuwa mzima kabisa unauliza chakula kiko wapi, na umesema ni vumbi la pamba. Na kwamba gari jeupe lilirudi na dawa kwa kaya fulani fulani, lakini kwetu likapita bila kusimama, nawe ukawaambia watu, "Mmeona faida ya kutumia akili?"

Nilisoma yote hayo nikakunja barua nikaiweka chini ya godoro. Sikuona kitu.

Alhamisi Daktari Tumaini akaniita. Huyu ndiye mkuu wa kazi ile ya damu, mama mfupi wa kutoka Njombe, hacheki ovyo na hasahau kitu. Nilidhani nimevunja chupa.

"Masanja, kwenu ni wapi?"

"Bariadi, daktari."

"Bariadi mjini?"

"Sapiwi."

"Njoo uangalie kitu. Usiguse."

Akanionyesha kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo vingi, kama mchezo wa bao lakini safu zake ni nyingi zaidi. Kila kishimo kina maji, mengine meupe, mengine ya njano, mengine njano iliyokolea kama mafuta ya samli. Akaniambia kila kishimo ni mtu mmoja. Akasema damu ya mtu ikishapigana na mdudu fulani hubaki na askari wanaomkumbuka mdudu huyo, wao wanaita kingamwili, na hapo walikuwa wanawatafuta askari wa kifaduro. Rangi ikikolea, askari ni wengi.

Safu zilipangwa kwa umri. Watoto waliopata sindano zote za kliniki walikuwa na unjano wa wastani. Wa shule ya msingi ulikuwa umefifia, maana nguvu ya sindano inachoka. Halafu nikaona kwa vijana rangi inaanza kurudi, na kwa watu wazima na wazee inakolea tena, hapa mmoja, pale wawili. Nikashangaa.

Nikamuuliza, "Daktari, wazee nao wanapata kifaduro? Si ugonjwa wa watoto?"

"Wanapata. Sindano yao imechoka, au hawakupata kabisa. Ila mtu mzima hatoi ule mlio wa mtoto wa kuvuta pumzi. Yeye anakohoa tu, wiki baada ya wiki, anakohoa mpaka anatapika, kisha anasema ni vumbi. Au moshi. Au uzee. Damu ndiyo inayomsema. Ikikolea hivi, ujue mdudu kapita kwake juzi juzi, pengine hajaondoka. Na akitoka kwa babu anakwenda wapi?"

Nilikuwa bado natazama vishimo.

"Kwa mjukuu," akasema. "Kwa yule ambaye hajafikia sindano. Babu anabaki na kikohozi, mjukuu anabaki bila pumzi."

Halafu akaweka ncha ya kalamu kwenye vishimo vitano. Meupe, Baba. Maji matupu. "Hawa ni wazee watano wa Sapiwi na vitongoji vyake. Hakuna mzee mwingine wilaya nzima mwenye damu kama hii, na hawa watano wanafanana kama wamechotwa ndoo moja. Niambie wewe mwenyeji. Kwa nini?"

Mimi ni mtoto wako. Nikajaribu kuwafunika. Nikasema, "Labda maziwa, daktari."

"Maziwa gani?"

"Ya mgando. Wazee wa kwetu wanayanywa sana."

Akanitazama. "Na wazee wa Nkoma wanakunywa soda?"

Yeye akaendelea, taratibu, kama mtu anayesukuma ndama kwenye zizi. "Nimepima na makundi yao ya damu. Wote watano kundi moja. Nimepima na vitu vingine viwili. Vyote sawasawa. Masanja, mimi sikukuita unifundishe. Huyu ni mtu mmoja, hilo nalijua tangu juzi. Nimekuita uniambie kwa nini mtu mmoja atoe damu mara tano, maana hatukumlipa hata soda."

Basi nikamweleza. Nikamweleza habari ya mabwana mifugo na ng'ombe mweusi wa Jilala, na koti, na kofia. Nilitegemea atacheka, maana kule mwishoni nilijitahidi kuieleza vizuri. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu.

"Katika hao watano, nani ana mtoto mchanga nyumbani?"

Hapo ndipo nilipoona, Baba. Barua ya Limi ilinirudia kichwani yote kwa mara moja, kikohozi cha kukunja, kutapika, maji ya kinywa kila asubuhi, gari lililopita bila kusimama. Lile gari lilikuwa linasimama kwenye kaya zenye mzee aliyekolea rangi na mtoto mdogo, linawapa dawa wote, mzee na mtoto na mama. Kwetu halikusimama kwa sababu kwenye karatasi zao wewe ulikuwa maji matupu. Mwenye kifua cha Jilala hahitaji dawa.

Nikamwambia daktari, "Mmoja wao ni baba yangu. Mtoto ni wangu."

Akavuta kiti akakaa. Akaniuliza mtoto amepata sindano. Nikamwambia hajapata, muda wa ile ya kwanza umefika lakini Limi aliandika kwamba friji ya zahanati haina mafuta ya taa, wamewaambia akina mama waje mwezi ujao. Akafumba macho kidogo. Hakuwasema watu wa zahanati. Nilitamani awaseme, ingenipunguzia.

"Gari haliwezi kurudi," akasema. "Waliotoa fedha za safari wamefunga mfuko. Nitaandika karatasi kwa mganga wa hospitali pale Bariadi, namfahamu, atawapa dawa. Lakini karatasi haiwezi kumtoa babu nyumbani. Hilo andika wewe, kwa maneno atakayoyasikia."

Ndiyo haya, Baba. Sasa vumilia, kwa sababu sehemu hii nitaiandika kama mwanao na pia kama mtu aliyechukia.

Mmenichukiza. Nimeosha makohozi ya jiji zima na sijawahi kuchukia hivi. Yule mama chapati ana kikohozi chake na anakificha kwa vumbi, lakini hajamwazima mtu kifua. Nyinyi mlikaa kikao, watu wazima, mkanywa pombe ya kikao, mkatumia akili zote za ukoo kuhakikisha kwamba dawa ya bure inapita mlangoni isisimame. Wajanja wa kupindukia. Mtu akiwaibia ng'ombe mnakesha mnapiga yowe na kufuata nyayo mpaka Meatu. Dawa ya mtoto mmeifukuza wenyewe mchana kweupe, halafu mkapongezana.

Na zile kapsuli za rangi mbili unazonunua kwenye duka la dawa la yule kijana aliyekuwa anauza viatu! Limi alinieleza. Unameza mbili, kikohozi kikitulia jioni unaweka nyingine kwenye mfuko wa koti, na moja ulimfungulia ndama ukammwagia unga wake kwenye kidonda. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa kipande, kila mtu ni daktari mradi ana rafu na kufuli. Daktari Tumaini anasema rangi mbili haimwondoi mdudu huyu, hata ungemeza na lile duka lote na rafu zake. Ndama alipona kwa sababu alijilamba.

Na sasa nasema lile gumu. Maji ya kinywa.

Sijasema baraka yako ni mbaya. Ulinipulizia mimi nilipoanza safari hii, yakaniingia hata machoni, na nimefika na nimepata kazi. Lakini unapompulizia Milembe maji yaliyopita kwenye kifua kinachokohoa hivyo, unampa baraka na mdudu kwa pumzi moja, na mdudu ndiye mwenye mbio. Najua ni aibu mtoto kumwambia baba yake maneno haya. Najua umeng'ata meno hapo ulipo. Niambie basi, nani alinifundisha? Yule fahali mwekundu alipoanza kutoa kamasi, nani alimjengea zizi lake peke yake siku hiyo hiyo, na mvua inanyesha? Nani alinichapa kwa sababu nilimwacha anywe kwenye hori moja na ndama? Ulisema, "Fahali ana nguvu, atakohoa atapona. Ndama hana pa kuweka kikohozi." Sikuhitaji kuja Dar es Salaam kujifunza hilo. Nililijua kwa fimbo yako. Kinachonichukiza ni kwamba kwa ng'ombe unajua kila kitu, na mtu akiwa ni wewe mwenyewe inakuwa vumbi la pamba.

Nilifikiria kupeleka simu ya maandishi ili ifike haraka. Lakini kwetu simu ya maandishi ikifika watu wanaanza kulia kabla hawajaisoma, na majirani wangeleta unga wa msiba. Ndiyo maana barua hii anakuja nayo dereva wa lori la mbegu, linaloondoka leo usiku na halikuwepo la mapema zaidi, yule mtoto wa shangazi, nimemwapisha asilale njiani kwa mtu yeyote wa kike. Karatasi ya daktari imo kwenye bahasha hii hii, imekunjwa peke yake. Msiisome, hamtaielewa, mimi mwenyewe nimeelewa tarehe tu.

Barua hii ikishasomwa, kesho yake alfajiri unapanda lori hilo hilo, Baba, linaenda Bariadi kushusha. Unakwenda wewe, na Kabula, na mtoto, lakini wao wanakaa mbele na dereva na wewe unakaa nyuma kwenye upepo. Mganga atawapa dawa nyote watatu, hata kama mtoto hajaanza kukohoa, na hasa kama hajaanza. Utaimaliza yote. Hutaweka mfukoni. Hutampa ndama. Na hospitali ya Bariadi friji yao inawaka, Kabula aombe na sindano ya mtoto hapo hapo, asikubali kuambiwa mwezi ujao.

Na usimtume Jilala. Nakuomba kwa jina la mama yako. Safari hii dawa inamezwa na mwenye kifua.

Kabula, mke wangu, wewe nakuandikia mistari michache na najua wanaisikia wote. Usiogope kuonekana mkwe mwenye kiburi. Ukimnyima babu mtoto kwa siku hizi, kiburi hicho ni changu, mimi ndiye niliyekutuma, waniseme mimi. Mtazame akinyonya. Akiachia ziwa kutafuta pumzi, akibadilika rangi mdomoni, akikaa kimya pale ambapo mtoto angekohoa, usingoje alfajiri wala lori, beba uende hata kwa baiskeli. Daktari amesema wachanga kama yeye mara nyingine hawakohoi kabisa. Wanasimama tu kupumua. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta mara mbili, lakini ni lazima uijue.

Sasa Limi.

Weka barua chini. Namfahamu baba yetu, najua hata sasa amempakata mtoto anasikiliza habari zake huku amemfunika na koti. Simama, mchukue Milembe umpe mama yake, akae naye upande wa pili wa uwanja, upepo unakotokea. Usiombe ruhusa. Baba akikutazama kwa jicho lile, mtazame tu, mwambie ni kaka. Fanya hivyo kwanza. Salamu zitangoja.

Umeshampa? Haya, endelea.

Msalimie mama mdogo, mwambie dawa ya meno aliyoagiza nimepata. Msalimie shemeji yangu fundi baiskeli, na kaka mkubwa anayekaa Nkoma, mwambie pamba asiwauzie wanaokuja jioni. Msalimie katekista, aache kusema mimi ni daktari kanisani. Wale wazee wengine watatu walioazima, wasomee barua hii yote, kwa sauti hiyo hiyo, na aliye na mtoto mchanga nyumbani apande lori. Mzee Jilala naye msalimie kwa heshima zote. Mwambie damu yake imesifiwa sana huku, ila imechosha watu.

Baba, mikono yako sasa iko mitupu. Najua hilo, na najua umekasirika, na pengine kikohozi kinataka kukukamata hapo hapo mbele ya watu. Kikikukamata, geuza uso ukohoe pembeni, usikizuie kwa ajili yangu. Halafu kaa hapo ulipo, uite "mayu" kwa sauti kutoka huko mbali. Sauti haina mdudu, nimemuuliza daktari. Mtoto ataitika.

Mimi mwanao, ninayekuheshimu hata katika hasira,

Masanja